Mkono wa Mzee Murjan na Mistari Miwili

Ng'ombe wa arobaini ya Mama Sauda alifika Koboko juu ya pikapu, na kwenye mlango wa pikapu hiyo palibandikwa picha ya mtu anayegombea uenyekiti wa kata. Alikuwa anatabasamu kwenye karatasi, amevaa kofia nyeupe ambayo, kwa maneno ya wanawake niliokaa nao mkekani, mwaka jana hakuwa nayo. Uchaguzi wenyewe ni wiki ijayo, na bado ni ule wa kupanga mstari nyuma ya mtu umtakaye huku jirani yako anakutazama. Imamu, kijana mwenye sauti nzuri, akashika kipaza sauti akashukuru kwa niaba ya wafiwa. Akasema ng'ombe huyu katoka kwa ndugu yetu katika dini, na siku ya mstari ndugu hamwachi ndugu. Watu wakaitikia kwa chini chini, wengine wakatazama viatu vyao. Mimi damu ilinipanda. Nina miaka mingi sasa, na daktari kanikataza hasira, lakini daktari hakuwepo pale. Ndipo akaja Swabiri, mjukuu wa marehemu, ambaye ndiye mchinjaji wao hapo Koboko. Kisu kakizungushia kitambaa. Akachutama mbele yangu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bibi Mwalimu, nichinje au nisichinje?" Waislamu wamejaa uwanja mzima, na yeye anakuja kumwuliza bibi Mprotestanti. Lakini nilijua kwa nini. Katika wote walioishi kwenye ule ua wa Arua mwaka ule, nimebaki mimi. Nikamwambia akanoe kisu kwanza. Kisu kilikuwa kikali tayari, na yeye alijua hivyo, ila alielewa kwamba mzee anahitaji muda.

Mwaka ule nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, nimetoka Koboko na sanduku la bati na viatu jozi moja. Ilikuwa miaka ya wanajeshi, Wahindi wameshafukuzwa, maduka yao yamekwisha kupata wenyewe wapya, na kutoka Koboko, alikotoka rais mwenyewe, kulikuwa na uzito wake. Watu wa Arua walidhani kila mtu wa kwetu ana mjomba kambini, kwa hiyo waliniogopa kidogo na kunisalimia kupita kiasi. Sikuwa na mjomba yeyote kambini. Chumba nilikipata uani kwa Mzee Murjan, katika mtaa wa Wanubi, wale Waislamu wa mjini ambao babu zao walikuja kutoka Sudani wakiwa askari. Kilikuwa chumba cha udongo chenye bati juu, na ukuta kati yangu na wenye nyumba haukufika kwenye paa, hivyo kila kilichosemwa upande wao kilinifikia mimi. Mwanzo nilikuwa nakohoa ili wajue nipo. Mama Sauda akaniambia niache kukohoa, nitaugua kweli. Ukutani kwake zilitundikwa kawa za rangi, zile za kufunikia chakula, alizozisuka mwenyewe, na asubuhi alikuwa anamimina uji wa unga wa mtama kwenye bamba la chuma la moto, anautandaza mwembamba, anaubandua. Hiyo ndiyo kisra. Siku ya kwanza alinipakulia kisra na mchuzi wa nyama, nikasita, sikujua kama Mkristo anaruhusiwa kula nao sahani moja. Aliuona mkono wangu umesimama hewani. "Kula, binti yangu," akasema. "Hii nyama iko na mkono ya Mzee. Arua yote nakula."

Nilidhani anajisifia mume. Kumbe alikuwa anasema jambo kama lilivyo. Mzee Murjan alikuwa mchinjaji. Alichinja machinjioni kila asubuhi, hilo ni la kawaida, lakini heshima yake ilikuwa kwenye shughuli za watu. Mlugbara, mwenyeji wa pale, akiwa na harusi huko Aroi, anatuma mtu kwa Mzee Murjan. Wakatoliki wa Ombaci wakiwa na sherehe ya padri mpya, wanatuma kwake. Krismasi yenyewe, wallahi, kabla ya kanisa, utamkuta Mzee yuko Mvara na kisu chake, anazunguka nyumba kwa nyumba. Wakristo wale hawakumhitaji kwa ajili ya matumbo yao, wangeweza kuchinja wenyewe na wakala. Walimwita kwa sababu ya jirani Mwislamu. Kupika nyama ambayo jirani yako akifika haigusi ilikuwa aibu, ni sawa na kumfungia mlango. Kwa hiyo mtu alikuwa anasema, tena kwa kujivuna, mnyama wangu kachinjwa na Murjan, njooni wote. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye ndevu chache, na alikuwa haongei wakati wa kazi. Anamlaza mnyama, anamgeuza aelekee Makka, anataja jina la Mungu, anamaliza. Akiulizwa amechinja kwa nani leo, alijibu amechinja kwa Mungu, wa kula ndio akina fulani.

Mambo yalianza amri ilipotangazwa sokoni kwamba watu wachague wenyewe mkuu wa mtaa, wanaume kwa wanawake, kwa kupanga mstari. Leo mtu akisikia mkuu wa mtaa anafikiria taka na mitaro. Wakati ule mkuu wa mtaa alikuwa mtu wa maana kuliko hakimu. Ndiye aliyegawa vibanda vya soko, hilo lilikuwa kubwa, lakini kubwa zaidi ni kwamba askari wakimkamata mtu wakauliza huyu ni nani, ni yeye aliyeitwa aseme namjua au simjui. Kati ya maneno hayo mawili mtu alirudi nyumbani au hakurudi. Basi wakajitokeza wawili. Mmoja alikuwa Bwana Siraji, Mwislamu, mwenye duka la vitambaa kwenye barabara kuu, mnene, mcheshi, mpenda kusifiwa, na mpwa wake alikuwa sajini kambini. Wa pili alikuwa Bwana Yosia, Mlugbara, muuza unga wa muhogo, msomaji wa neno kanisani kwetu Mvara, mtu wa haki mpaka anachosha. Yosia akikupimia unga alikuwa anafuta ukingo wa kopo kwa kidole ili usije ukapunjwa wala yeye asipunjike. Mwanzoni kilikuwa kitu cha kuchekesha. Watu walitaniana sokoni, wa Siraji wakasema Yosia atapima hata maji ya mvua, wa Yosia wakasema Siraji akipewa mtaa ataushona kanzu.

Kisha utani ukaisha. Ijumaa moja khatibu akasema juu ya mimbari kwamba mstari wa uwanjani ni kama safu ya sala, na Mwislamu hasimami safu ya wengine. Mama Sauda alirudi kutoka sehemu ya wanawake amekunja uso, akamwaga maji ya kuosha vyombo kwa nguvu mpaka kuku wakakimbia. Nami nikafikiri, hao ni wao. Jumapili nikaenda Mvara kwa miguu, nikakaa kwenye benchi langu, na mhubiri wetu akasema yaleyale. Alibadilisha majina tu. Akasema anayebeba msalaba atajulikana siku ile kwa mgongo anaosimama nyuma yake. Kanisa zima likasema amina, na Yosia mwenyewe kwenye kiti cha mbele akainamisha kichwa, sijui kwa unyenyekevu au kwa kuona haya. Nilirudi nyumbani taratibu. Nilikuwa nimeshaamua kumchagua Yosia kwa sababu ya kile kidole chake kwenye ukingo wa kopo, na sasa nilijisikia kama mtu aliyenyang'anywa kitu chake halali na kurudishiwa kama zawadi.

Desturi ilikuwa mgombea awalishe watu kabla ya siku yenyewe. Yosia akanunua ng'ombe, na bila hata kufikiri akafanya kama kila mtu wa Arua alivyofanya. Alikuja uani, akavua kofia, akamwomba Mzee Murjan amchinjie ili majirani wote wapate kula. Mzee akakubali, wakapeana mikono, wakanywa chai ya tangawizi. Nilikuwa nasahihisha madaftari mlangoni kwangu, na nakumbuka niliona ni jambo dogo kabisa. Kesho yake alasiri wakaja wazee wa msikiti, khatibu akiwa katikati yao, wakaketi kwenye viti vilevile. Walimheshimu, hawakumpigia kelele. Walimweleza kwamba akimchinjia Yosia, Waislamu watakwenda kula kwa Yosia, na aliyekula kwa mtu hushindwa kumkimbia siku ya mstari. Amwache achinje mwenyewe, apike, Waislamu wasiile, mambo yaishe. Na kama atachinja, basi wao watatangaza msikitini kwamba mkono wake si wa kuliwa. Mzee akauliza kosa la mkono wake katika sheria ni lipi. Khatibu, ambaye hakuwa mtu mbaya, nami nampa haki yake, alisema kwa huzuni kwamba sheria anaijua, lakini kambini wanauliza msikiti uko upande gani, na yeye ana watoto. Mzee akasema amesikia. Wakaenda.

Tangu siku hiyo nyumba ile ilikuwa na swali moja tu. Atachinja au hatachinja? Kama atachinja, amekwisha, maana mchinjaji ambaye Waislamu hawali mkono wake ni mtu mwenye kisu tu. Mkristo naye hatamwita, kwa kuwa alimwita kwa ajili ya Mwislamu. Niliwasikia juu ya ukuta wakati wa chakula cha jioni, yeye na mkewe, na sikukohoa. Mama Sauda hakumwambia asichinje. Alimwambia anajua atachinja, anamjua, anachotaka kujua ni watakula nini baadaye. Mzee akasema Mungu yupo. Mama Sauda akasema ndiyo, yupo, naye ameumba tumbo. Kisha wakahamia kwenye mstari wenyewe, na hapo nikaacha kijiko changu. Nilidhani mtu aliye tayari kuumia kwa ajili ya ng'ombe wa Yosia atasimama nyuma ya Yosia. Lo, nilikuwa mtoto! Mzee alisema atasimama kwa Siraji. Akasema watu wanakamatwa, na Yosia akienda pale getini na haki yake yote hakuna atakayemfungulia, lakini Siraji anafunguliwa kwa sababu ya mpwa wake. Mama Sauda akasema Siraji atagawa vibanda kwa wanaomwita Alhaji, wakati hata Makka hajaenda, na wanawake wanaouza kisra chini watabaki juani. Yeye atasimama kwa Yosia. Wakabishana hivyo mpaka kisra ikapoa, kwa adabu, kila mmoja akimpakulia mwenzake. Neno dini sikulisikia hata mara moja.

Jumamosi ile Mzee alioga, akavaa kanzu ya kazini, akaenda Mvara. Nilikwenda naye kwa sababu wanawake wa kanisa waliniita kusaidia sufuria. Watu walikuwa wengi kuliko kazi ya ng'ombe mmoja ilivyohitaji. Kila mtu alikuwa ameshasikia habari za wazee wa msikiti, na wakati anamgeuza mnyama kuelekea Makka, watu wote uani kwa Yosia, Wakristo watupu, walikuwa wamesimama kama wako kanisani. Akataja jina, akachinja. Waislamu waliokuja kula walikuwa wachache, wengi wao maskini, wakakaa pembeni wakila haraka haraka. Mzee mwenyewe hakula. Aliosha kisu, akakifuta, akaniambia nimfuate tukapitie kwa Siraji, maana naye ana ng'ombe wake leo na yeye ndiye mchinjaji wa mtaa. Nikamwangalia kama mtu aliyechanganyikiwa. Tukaenda. Kwa Siraji turubai limefungwa, wapishi wako tayari, ng'ombe kafungwa kwenye nguzo. Vijana wakatoka mlangoni wakamwambia mchinjaji wameshamleta kutoka Koboko. Mmoja wao, ambaye Mzee alimchinjia mbuzi wa akika alipozaliwa, alisema kile kisu kimeshabatizwa. Wakacheka. Siraji alikuwa ndani, nilimwona kupitia pazia, hakutoka. Mzee akawaambia karamu njema, akageuka. Njiani alitembea mbele yangu, mkono wake wa kulia ameushika kwa wa kushoto.

Siku ya mstari tulitoka uani sote watatu pamoja. Uwanja wa mpira ulikuwa umejaa, askari wachache pembeni wamekaa kwenye lori lao wanakula miwa. Siraji kasimama upande huu, Yosia upande ule, na afisa mmoja kutoka wilayani akapiga filimbi. Jamani, sijawahi kuona watu wakijigawa kwa urahisi namna ile. Ijumaa ilikwenda huku, Jumapili ikaenda kule, kama vile mtu kachambua mchele na choroko. Watu waliochanga pamoja kwenye misiba, waliooleana, walipishana bila kutazamana. Kisha macho yote yakageukia kwa Mzee Murjan, aliyekuwa bado kasimama katikati na mkewe. Walio upande wa Yosia walishaanza kusogea kumpa nafasi, hata Yosia mwenyewe alinyoosha mkono. Mzee akamwambia mkewe kitu kifupi, akatembea kwenda kusimama nyuma ya Siraji, mwisho kabisa wa mstari, nyuma ya wale vijana waliomfukuza. Mama Sauda akajitanda vizuri, akatembea kwenda kwa Yosia. Mwislamu pekee upande ule alikuwa yeye, na alitembea hatua za polepole kuliko kawaida yake ili watu waone vizuri. Uwanja uliguna. Kuna aliyecheka akadhani hawa wawili wamegombana nyumbani. Uso wa Yosia sitausahau, mkono wake ulibaki umenyooka kidogo, kisha akaushusha. Hakuelewa. Alidhani mtu aliyemchinjia amempa moyo wake, na sasa anauchukua tena hadharani.

Nami nikasimama nyuma ya Mama Sauda, kwa Yosia, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo bado linanikera. Wale wawili kila mtu aliwaona wamechagua. Mimi nilichagua pia, kwa kichwa changu na kwa kopo la unga, lakini hakuna aliyeniona. Waliona Mprotestanti kasimama na Mprotestanti. Mhubiri alinipungia mkono kwa furaha, kama mchungaji aliyehesabu kondoo wake akawakuta kamili. Hivi ndivyo dini ikipelekwa uwanjani inavyofanya, inamnyima hata yule anayekubaliana nayo heshima ya kuwa aliamua mwenyewe. Kwa miaka yangu yote ya ualimu nimejaribu kuwaeleza vijana jambo hili, na wengi wao wananitazama tu, wakisubiri kengele.

Siraji alishinda. Watu wengine walishangilia, wengine wakaenda nyumbani, na Ijumaa iliyofuata ikatangazwa kweli msikitini kwamba mkono wa Murjan usiliwe. Hata kusimama nyuma ya Siraji hakukumsaidia, kosa lilikuwa lile la kisu. Machinjioni akawekwa yule wa Koboko. Wakristo nao wakamkasirikia kwa ajili ya mstari, na hata wasiokasirika hawakuwa na sababu ya kumwita. Harusi zikaja na kupita Aroi bila yeye. Mama Sauda akaongeza kisra, akaanza kuuza asubuhi na jioni, na Mzee akawa ndiye anayemsagia mtama. Kila Alhamisi alikuwa bado ananoa kisu chake kwenye jiwe lililokuwa uani. Ananoa, anakipangusa, anakirudisha ndani ya kitambaa. Nilikuwa nasikia mlio huo nikiwa nasahihisha hesabu, na nilitamani nimwombe aache, kwa sababu ulikuwa unaniliza. Nilimwuliza Mama Sauda kama mumewe anajuta. Akaniambia nimwulize mwenyewe. Sikuthubutu.

Halafu wakamkamata Yosia. Ilikuwa mchana, watu wako sokoni, askari wakashuka, wakamwaga unga wake, wakampakia kwenye lori. Walisema anapeleka habari ng'ambo, Zaire, kwa sababu muhogo wake aliununua huko. Soko zima lilibaki limetazama unga chini. Mama Sauda akaacha kisra yake ikiungua, akaja mbio uani, nami nilikuwa nimetoka shuleni. Mzee alisikiliza akiwa amesimama. Akavaa viatu, akaenda dukani kwa Siraji, sisi nyuma yake. Siraji alikuwa anapima kitambaa cha mteja. Alikuwa ameshasikia, ilionekana usoni. Akaanza kusema jambo hili ni zito, Yosia alikuwa mpinzani wake, akienda kumtetea watasema wana njama, na mpwa wake kahamishwa, na mwenyewe ana shinikizo la damu. Mzee akamwacha amalize yote. Kisha akasema, hakupaza sauti, "Siraji, mimi nasimama nyuma yako sababu ya siku moja kama hii. Hakuna sababu ingine. Vaa kanzu, twende."

Siraji akamtazama, mkasi ungali mkononi. Nilimdharau mtu yule miezi kadhaa, lakini siku ile alivaa kanzu. Vifungo vilimshinda, Mama Sauda akamfungia. Wakaenda kambini wawili, yule mnene na yule mkavu, kwa miguu, na mtaa ukatoka milangoni kuwatazama. Sikuona yaliyotokea getini. Mzee alisimulia kwa ufupi tu kwamba Siraji aliulizwa huyu ni nani, akasema namjua, akaulizwa tena kwa ukali, akasema tena namjua, huyu ni mutu yangu. Kabla jua halijazama walirudi watatu. Yosia alikuwa amevimba mdomo na hana kiatu kimoja. Alipofika mbele ya ua wetu alisimama, akamtazama Mzee Murjan, na nikaona ameelewa ule mstari. Akashika mkono wa kulia wa Mzee kwa mikono yake miwili, akauinamia akalia mbele ya watu wote, mtu mzima, msomaji wa neno. Mimi na Mama Sauda nasi tukalia, tukashikana.

Baada ya hapo kila mtu alidhani mambo ya Mzee yatatengenezwa. Hata mimi nilidhani. Siku chache baadaye Siraji alipita kunywa chai, amerudiwa na ucheshi wake, na Mama Sauda, ambaye hakuwa mtu wa kuzunguka, akamwomba azungumze na msikiti ili mumewe arudishiwe kazi. Siraji akaweka kikombe chini, akasema kwa upole kabisa, "Mama, hayo ni mambo ya msikiti. Mimi niko mkuu wa mtaa." Nikaona uso wa Mama Sauda unabadilika, nikajua sasa atammwagia chai. Lakini Mzee alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, nami sikuwa nimemsikia akicheka tangu ile Jumamosi. "Sasa umejua," akamwambia Siraji. "Ingekuwa vizuri ujue mapema." Siraji akacheka naye, lakini masikio yake yalikuwa mekundu, akaondoka bila kumaliza chai.

Mwisho wa mwaka ule nilihamishiwa shule nyingine. Vita vya sabini na tisa vilipofika kwetu, Wanubi wa Arua walikimbia kama watu wote waliohofia kulipiziwa ya wengine, wakapita Koboko wakavuka kwenda Sudani. Mama Sauda alinisimulia baadaye kwamba huko kambini kwa wakimbizi, Idd ya kwanza, ikapatikana mbuzi mmoja, na khatibu yuleyule, amekonda, akamjia Mzee akamwomba achinje, kwa kuwa wenye kujua walikuwa wamepotelea njiani. Hakuna aliyetaja habari za Arua. Mzee akafungua kitambaa, kisu kilikuwa kikali, akachinja, wote wakala mkono wake. Alikufa hukohuko. Mama Sauda alirudi na kisu akakaa hapa Koboko, na hicho ndicho Swabiri alichokuwa anakinoa nyuma ya nyumba wakati mimi nakumbuka haya yote mkekani.

Alirudi akasimama mbele yangu. Imamu alikuwa anatazama upande wetu, na mtu mmoja aliyetumwa na mgombea kuja na pikapu alikuwa ameshika simu yake tayari kupiga picha. Nilimwambia Swabiri kwamba babu yake angechinja. Nikamwambia achinje vizuri, watu wana njaa, bibi yake alikuwa hapendi wageni wasubiri. "Na wiki ijayo?" akaniuliza. Nikamwambia wiki ijayo ni wiki ijayo, akasimame nyuma ya yule atakayesema namjua siku ikifika, na kama ni huyu mwenye kofia sawa, na kama si huyu sawa, nyama haihusiki. Akatikisa kichwa kukubali. Nikaomba wanawake waninyanyue, nikasogea kwa fimbo yangu, karibu kuliko inavyompasa bibi wa umri wangu, kwa sababu nilitaka kusikia. Wakamlaza ng'ombe, Swabiri akamgeuza kuelekea Makka, akashika kisu cha Mzee Murjan kwa mkono wa kulia. Watu wote wakanyamaza, na yule wa simu naye akanyamaza. Nilisikiliza vizuri sana. Jina lililotajwa lilikuwa moja tu.